Maswali ya Wasomaji: Canon AE-1 Imegoma

SWALI: Nimerithi Canon AE-1. Nikibonyeza kitufe haipigi, na mkono wa kusogeza filamu umekwama. Ndiyo imekufa?

JIBU: Usiilazimishe! Shata (pazia linalofunguka kupitisha mwanga hadi kwenye filamu) ya kamera hii, iliyotoka mwaka 1976, huendeshwa kwa umeme. Betri ikiisha haifyatuki, na isipofyatuka mkono nao haurudii kazi. Weka betri moja ya 4LR44, volti 6. Kifuniko chake ni cha plastiki na huvunjika upesi, basi kifungue taratibu. Ukikuta unga wa kutu, ufute kwa pamba yenye siki kidogo, kisha spiriti. Bonyeza kitufe cha kupimia betri: mshale ndani ya kidirisha cha kutazamia ukitua kwenye alama ya 5.6 au chini yake, betri ni nzima.

Kwa upigaji wa otomatiki, zungusha pete ya lenzi hadi A, chagua kasi kati ya sekunde 2 na 1/1000. Kamera itachagua yenyewe ukubwa wa tundu la lenzi linalopitisha mwanga. M nyekundu ikimeta ndani ya kidirisha, pete imetoka kwenye A.

Ikifyatuka kwa mlio kama wa kukohoa, gia za kioo cha ndani kinachoinuka wakati wa kupiga zimekauka. Usipulizie mafuta: yataingia kwenye pazia la shata, ambalo ni la kitambaa. Hiyo mwachie fundi.