Piki ya gitaa inakwama nikihama uzi: nihamie dole gumba?

SWALI: Napiga jazi kwenye gitaa kwa kupishanisha mapigo ya piki (kibao kidogo cha kupigia nyuzi), chini-juu-chini-juu. Wimbo ukifika mapigo 180 kwa dakika, piki inakwama ninapohama uzi. Nimeshauriwa niache piki nitumie dole gumba kama mpiga gitaa wa jazi Wes Montgomery. Nifuate ushauri huo?

JIBU: Bado. Pima kwanza kwenye uzi mmoja. Kwa kasi hiyo, noti mbili kwa kila pigo ni noti 6 kwa sekunde. Ukizimudu bila mkono kukakamaa, kasi unayo. Kinachokuangusha ni kule kuhama tu. Ukishindwa, legeza mshiko, acha ncha ya piki ijitokeze kama milimita 3, na weka kando piki laini, maana hupinda na kuchelewa kurudi. Piki yenye unene wa milimita 1.2 au zaidi inafaa.

Sasa angalia piki imelala vipi. Wapigaji wengi huilaza kidogo, ncha ikitazama nyuzi nene. Ikiwa hivyo, pigo la juu huitoa piki nje ya nyuzi, lakini pigo la chini huizamisha kati ya uzi na uzi. Hapo ndipo inapokwama, na mazoezi ya saa nyingi hayaondoi kikwazo hicho.

Chukua skeli (ngazi ya noti) ya C kuanzia uzi wa 5, ukihesabu kutoka ule mwembamba: C na D (freti, yaani vigawanyo vya shingo, 3 na 5), kisha uzi wa 4: E, F, G (2, 3, 5), kisha uzi wa 3: A, B, C (2, 4, 5). Uzi wa 5 una noti mbili, unamaliza kwa juu, unapita salama. Uzi wa 4 una tatu: chini, juu, chini, umenaswa. Dawa ninayoipendelea: piga E chini, F igongwe na kidole cha mkono wa kushoto bila piki, G piga juu. A itaanza chini. Fanya vivyo hivyo kwenye uzi wa 3.

Njia ya pili ni kuiacha piki iteleze: G chini, na msukumo huohuo uangukie A. Ni rahisi kwa mkono, ila noti ya A huwahi na swingi (mdundo wa kubembea wa jazi) inapotea. Weka metronomu (kifaa cha kuhesabu mapigo) kwenye 90, uisikie kama pigo la 2 na la 4. Ukiwahi utajisikia mara moja.

Mpiga gitaa wa jazi Django Reinhardt alikuwa na desturi nyingine: kila uzi mpya huanza kwa pigo la chini, hata kama la mwisho lilikuwa chini. Inatoa sauti kali, ila inadai kiwiko na kifundo vilivyozoea.

Dole gumba halitibu tatizo lako. Montgomery alipiga karibu kila noti kwa kushusha, kwa hiyo kwa noti 6 kwa sekunde utahitaji kugonga na kung'oa (kuvuta uzi kwa kidole kinapouachia) kwa mkono wa kushoto zaidi kuliko sasa. Linang'ara kwenye oktava (noti moja ikipigwa ya chini na ya juu pamoja), uzi wa katikati ukizimwa kwa kidole. Ikiwa unachokitamani ni ile sauti nene tu, piga karibu na shingo na punguza toni.