Jembe nyuma ya kiti

Afande alilizunguka gari letu mara mbili pale karibu na Ahero. Akachungulia ndani, akaona godoro, mtungi wa gesi wa kilo 6, sufuria, Biblia mbili, vyungu na jembe. Vyote alivielewa isipokuwa jembe.

"Mzee, hili ni la nini?"

Mume wangu, ambaye ameongea na maafande maisha yake yote, akajibu bila kutabasamu: "Tunaenda kwa watoto, afande. Leo ni siku ya kwanza."

Afande alicheka mpaka akasahau kuuliza leseni. Alijua, kama sote tujuavyo, kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi tuliona tusiwasumbue wenyeji kulitafuta. Tunakuja nalo.

Wastaafu wenzangu wananipigia simu kuuliza tunawezaje kuishi hivi, wiki tatu barabarani na moja nyumbani Nakuru, kwa pensheni ya mwalimu. Nimechoka kujibu mmoja mmoja, kwa hiyo nimeyaandika hapa.

Kwanza mtujue. Nilifundisha shule za msingi miaka 36, nikastaafu nikiwa na miaka 60 kama sheria inavyotaka. Mzee alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, Mombasa hadi Malaba, mara nyingine akivuka hadi Kampala. Hesabu ya ndoa yetu ni ya ajabu. Kwa cheti ni miaka 37, lakini ukijumlisha siku alizolala nyumbani kwetu Lanet, hapo Nakuru, sidhani kama kumi inafika. Alikuja na nguo chafu na mkungu wa ndizi, akalala siku mbili, akaondoka. Kwa mtindo huo tulipendana vizuri sana. Shida ilianza alipostaafu na kukaa nyumbani mwezi mzima. Niligundua kwamba nimeolewa na mtu anayeamka saa tisa usiku kwenda kuangalia tairi za gari ambalo hana. Akaanza kupanga upya vikombe vyangu. Akanifundisha kukaanga vitunguu. Ndugu zangu, kama mwenzako alikuwa mtu wa safari na sasa amestaafu, usingoje mwezi wa pili. Mtafutie gari.

Letu ni matatu kuukuu ya viti kumi na vinne. Tuling'oa viti vyote vya nyuma isipokuwa safu moja, seremala wa mtaani akatupigia kitanda cha mbao chenye droo chini. Na hapa nina ushauri ambao ungetuokolea aibu nyingi: ukinunua gari lililokuwa la abiria, lipake rangi lote, si nusu, na lisajiliwe upya kama gari la binafsi, na kampuni ya bima iambiwe kabisa unalitumiaje. Karatasi tulizishughulikia mapema. Rangi tuliipaka kwa ubahili, na ule mstari wa manjano wa matatu ukawa unaonekana chini yake kama kovu.

Siku moja Luanda, tukitoka Maseno, tulisimama kununua ndizi. Kabla Mzee hajarudi na chenji, mlango ukafunguliwa, mama mmoja akaingia na kapu lenye jogoo, akaketi kitandani mwetu, akajifunika kanga miguuni. "Majengo pesa ngapi?" Nikamweleza kwamba hii ni nyumba. Akatazama mapazia, akatazama sufuria, akaniambia, "Basi mna nyumba inayokwenda Majengo." Tukamfikisha. Nauli tulikataa, naye akakataa kukataliwa, akaacha mayai matatu juu ya mto wangu na kutuombea kwa sauti, barabara nzima ikisikia, kwamba Mungu azibariki biashara zetu.

Tukizungumzia maombi. Hatuondoki bila kuomba, na huo ndio ugomvi wetu wa kila asubuhi. Mzee huwasha injini kwanza, ndipo ainamishe kichwa, na akiinamisha huanzia kwa Ibrahimu. Dizeli inaungua. Nilimwambia Mungu husikia hata injini ikiwa imezimwa. Akasema anataka Mungu asikie pia hiyo sauti inayogonga upande wa kushoto. Siku hizi tumekubaliana: naomba mimi, injini imezimwa, dakika moja.

Jumapili tunaingia kanisa lililo karibu, bila kujali dhehebu. Tumeabudu na kanisa la Marafiki (Quakers) kule Kaimosi, ambako misheni yao ilianza mwaka 1902, na nikajifunza kwamba hata mtu kama mume wangu anaweza kukaa kimya akizungukwa na watu wema. Tumesali Subukia, kwenye kituo cha hija cha Bikira Maria, ingawa sisi si Wakatoliki. Mumias, mwezi wa Ramadhani, wazee wa msikiti walituruhusu kuegesha uani kwao, na magharibi ilipoingia tukaletewa uji na tende kabla hatujauliza choo kiko wapi. Mji ule umezoea kupokea wapita njia tangu enzi za misafara ya Waswahili iliyofika kwa Nabongo Mumia, mfalme wa Wawanga.

Lakini jiandae. Katika makanisa yetu mgeni husimamishwa, na mgeni mwenye mvi na gari hudhaniwa ana pesa. Weka noti ndogo ndogo mfukoni tangu Jumamosi. Na kama mwenzako anapenda maikrofoni, kaa upande wa njia umzibe. Mzee aliwahi kuombwa "salamu tu" akatoa dakika ishirini juu ya Yona na breki.

Kuhusu pesa nitasema kwa ufupi, maana hapo kila mtu ana ukaidi wake. Mkupuo wa kustaafu haukununua dizeli hata lita moja. Sehemu ndogo ilinunua gari, iliyobaki ilimalizia vyumba viwili vya kupangisha nyuma ya nyumba, na safari zinaendeshwa kwa pensheni ya mwezi na kodi ile. Ikiisha tarehe 20, tunarudi Lanet kula sukuma. SHA, bima ya afya ya serikali, tunalipa ya mwaka mzima kabla ya kusafiri. Usiku hatuendeshi. Tunalala kwenye uwanja wa kanisa au kituo cha mafuta chenye mlinzi, na mlinzi tunamnunulia chai. Hiyo ya mlinzi usiidharau: yeye ndiye anayejua nani hupita saa nane.

Sasa watoto. Wetu watatu waliitisha mkutano wakatuambia tutafia barabarani. Mzee akawajibu kwamba ndiko alikowalisha. Tukawapa kitu kimoja: kila jioni tunatuma kwenye kundi la WhatsApp mahali tulipoegesha. Tukichelewa hadi saa mbili usiku, simu zinaanza. Nilifurahi, nisifiche. Wakati wa malori ni mimi niliyekuwa nikingoja.

Mwana wetu wa pili ameoa Kakamega na anaishi huko. Kwa desturi ya Waluhya, baba mkwe halali chini ya paa moja na mkaza mwana, na kabla ya gari kila ziara ilikuwa hesabu ya nani atalala kwa jirani yupi. Gari limemaliza neno hilo. Tunaegesha chini ya mparachichi, tunalala kwetu, heshima iko mahali pake. Kosa tulilolifanya ni la jikoni. Safari ya kwanza tulilala kwetu lakini tukala kwake siku tisa. Siku ya kwanza kuku. Siku ya pili kuku. Siku ya tano mrenda. Siku ya saba nikasikia sufuria zinavyowekwa chini, na mwanamke yeyote anajua sufuria husema nini zikiwekwa vile. Yule binti hakutamka neno baya hata moja. Siku ya tisa nikanunua jembe sokoni, nikapalilia kunde zake mistari minne, tukaondoka jioni ile ile. Tangu hapo tunakaa siku tatu, na ya tatu tunalima. Sasa yeye ndiye anayepiga simu kuuliza tunarudi lini, kwa sababu mahindi yamefikia kupaliliwa. Sijui kama ni mapenzi au ni vibarua, lakini anapiga.

Wajukuu wa huko huniita Kukhu, ndivyo Waluhya wanavyomwita bibi. Yule wa Nairobi, aliyekuja nasi likizo ya Agosti, aliposikia binamu zake wakipiga kelele "Kukhu amefika! Kukhu amefika!" alishuka garini akaanza kumtafuta kuku. Kisha akaniuliza kwa upole kama nitachinjwa.

Afya. Mzee ana sukari na anatumia insulini, na njia yetu inapanda na kushuka vibaya. Unatoka Nakuru, unapanda hadi Mau Summit, zaidi ya mita 2,400, ambako asubuhi unavaa kofia ya sufu. Unapita Londiani na majani chai ya Kericho, kisha unateremkia Awasi na Ahero, na ukifika Kisumu, kwenye mita 1,130 hivi kando ya ziwa, gari lililofungwa vioo ni tanuri. Aina nyingi za insulini ikishaanza kutumika hukaa wiki nne hivi nje ya friji, mradi joto lisipite nyuzi 30. Ndani ya gari mchana wa Kisumu linapita. Dawa yetu ni vile vyungu ambavyo afande aliviona. Tulivinunua Ilesi, kwa wafinyanzi wa barabara ya Kakamega kwenda Kisumu: kimoja kikubwa, kimoja kidogo kinachoingia ndani yake, katikati mchanga. Mchanga unaloweshwa asubuhi na jioni, dawa inakaa chungu cha ndani ndani ya mfuko mkavu, kitambaa kibichi juu. Maji yanapokauka huondoka na joto. Lakini chungu kiwe mahali penye upepo, kivulini. Ukikifungia kwenye droo hakifanyi kazi, tulijaribu. Na muulize daktari wako juu ya dawa yako wewe, si mimi.

Nimebakiza jambo lililonigharimu zaidi. Miezi ya kwanza nilikaa kiti cha kushoto kama mzigo. Barabara ilikuwa nyumba yake. Alijua kila kona na kila choo. Tulipoingia hoteli moja Salgaa, mwenye hoteli alimwangalia, akapiga makofi, akaita, "Chapati Mbili!" Hilo ndilo jina lake huko, na kwa miaka 37 sikuwahi kulisikia. Nikaelewa alivyohisi nyumbani kwangu kati ya vikombe. Nilikuwa mgeni kwake, na siku ya tatu ilikuwa imepita kitambo. Usiku ule nikamwambia, "Nipe jembe."

Nikasoma udereva. Nilivaa zile herufi za mwanafunzi nikiwa na miaka 61, darasani na vijana niliowahi kuwafundisha kusoma. Mume kukufundisha gari ni mtihani usiotajwa kwenye viapo vya kanisani. Lipieni shule ya udereva, halafu yeye afundishe yale ambayo shule haifundishi. Aliyonifundisha ni mteremko.

Tulikuwa tumebadilisha breki kwa fundi mmoja, simtaji, aliyetuapia kwamba spea ni za kweli. Tukirudi nyumbani, tulipopita Sachangwan kuteremkia Salgaa, nikasikia harufu kama ya kitambaa kinachoungua. Wanaoijua barabara ile wanajua historia yake. Imezika wengi, na malori mengi yaliyoanguka pale yalikuwa yakiteremka bila gia ili kuokoa mafuta. Mimi ndiye niliyekuwa nimeshika usukani. Nilikanyaga breki, ikazama kama mguu kwenye matope.

Mzee hakupiga kelele. Alisema kama anayeagiza chai: "Achana na hiyo. Tatu." Nikaingiza gia ya tatu, injini ikanguruma, gari likajivuta nyuma. "Ngoja... ngoja... sasa mbili." Mkono wake ulikuwa juu ya breki ya mkono, haukuivuta. "Usiishike klachi. Iache injini ifanye kazi." Lori likatupita likipiga honi. Nilikuwa nikisema Zaburi ya 23 kwa sauti, na nilipofika bondeni mwa uvuli wa mauti akaniambia, "Na taa za hatari, Mwalimu." Tulifika kwenye tambarare kwa mwendo wa baiskeli, nikalitoa gari kando, nikalizima. Mikono yangu ilikataa kuuachia usukani. Akaibandua kidole kimoja kimoja.

Tangu siku hiyo spea tunanunua wenyewe na kusimama pale fundi anapofunga, na kila mteremko mrefu ninaingia na gia ambayo ningeupandia. Ukishuka kwa gia hiyo, breki unaigusa tu, huikanyagi mfululizo.

Jioni hiyo, fundi mwingine akiwa chini ya gari, tuliingia kwa yule mama wa hoteli. Aliona nilivyoshika funguo, akamtazama mume wangu kwa huruma.

"Chapati Mbili, siku hizi una dereva? Na yeye hula ngapi?"

Nikamwambia alete tatu.