Fundi Anajibu: Nifunge kamshafti ya digrii 290 kwenye MGB yangu?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina MGB ya 1968, gari dogo la michezo la Kiingereza, injini ya B-series ya cc 1,798, na kabureta zake mbili za SU za asili. Nimeifungua kubadili ringi na beringi, nikakuta nundu mbili za kamshafti (mhimili unaofungua valvu) zimelika. Rafiki yangu anayekimbiza magari ya mashindano ana kamshafti ya digrii 290 na anasema maadamu injini iko wazi, ni upumbavu kurudisha ya kawaida. Gari ni la matembezi ya mwisho wa wiki na safari ndefu mara mojamoja. Niifunge? Na tapeti za zamani (vipande vinavyosukumwa na nundu), ambazo kwa macho ni nzima, naweza kuzirudisha?

JIBU: Usiifunge. Na tapeti za zamani usizirudishe, hilo nitalifikia.

Swali hili nalipata kila mara, na karibu wote wanaoniuliza wameshaaminishwa jambo lilelile: kwamba digrii zikiongezeka (yaani sehemu ya mzunguko wa krankshafti, mhimili unaozungushwa na pistoni, ambayo valvu hukaa wazi), nguvu imeongezeka. Si kweli. Kamshafti inahamisha nguvu. Inaitoa kwenye mizunguko ya chini na kuipeleka juu, na kama huendi huko juu, umepoteza tu.

Tazama hesabu ya injini yako mwenyewe. Kamshafti ya kiwandani hufungua valvu ya kuingiza digrii 16 kabla pistoni haijafika juu kabisa, na huifunga digrii 56 baada ya pistoni kupita chini kabisa. Jumlisha na 180 za katikati, unapata 252. Sasa chukua ile ya 290, tuseme imechongwa 37 na 73. Valvu inafungwa digrii 17 baadaye. Muda huo wote pistoni inapanda huku mlango uko wazi, na injini ikiwa polepole, mchanganyiko wa hewa na petroli ulioingia unarudishwa ulikotoka. Toa kichujio cha hewa kwenye gari la namna hii likiwa kwenye sailensa (injini inawaka bila kukanyagwa mafuta), uinamie kabureta: utaona ukungu wa petroli umesimama mdomoni. Petroli hiyo ilikwisha kuingia, ikatapikwa. Kwenye mizunguko mingi hewa inakuja kwa kasi na inaendelea kujipenyeza hata pistoni ikipanda, ndipo kamshafti hiyo inapolipa.

Upande wa pili ni muda ambao valvu zote mbili ziko wazi kwa pamoja. Kwako ni 16 na 21, yaani digrii 37. Kwenye hiyo ya rafiki yako, ikiwa valvu ya kutoa nayo imechongwa vivyo hivyo, ni 74. Mara mbili kamili. Sailensa itarukaruka, mvuto wa hewa kwenye manifoldi (bomba la kuingizia hewa) utashuka, na kama gari lina servo ya breki, inayotumia mvuto huo kukusaidia kukanyaga, utausikia upungufu huo mguuni.

MGB ilitoka kiwandani ikitoa msokoto wake mkubwa kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika na nguvu yake kubwa kwenye 5,400. Ukiwa gia ya nne bila overdrive (gia ya ziada ya kupunguza mizunguko), kilomita 100 kwa saa ni karibu mizunguko 3,500. Hapo ndipo safari zako ndefu zinapoishia. Kamshafti ya 290 ndiyo kwanza inaamka. Ili ikufae ingebidi uongeze kompresheni kutoka 8.8 hadi 10 na kuendelea, uifanyie kazi silinda hedi, ubadili springi za valvu na nidli za kabureta, kisha difu. Rafiki yako ana vyote hivyo, kwa hiyo kwake inafaa.

Wewe tafuta ya barabarani, digrii 260 hadi 270. Lakini uliza zimepimwaje! Kuna wanaohesabu tangu valvu inapoanza kusogea, na kuna wanaohesabu baada ya tapeti kunyanyuka milimita 1.27. Kwa kamshafti ileile tofauti inafika digrii 40 au zaidi. Muuzaji asiyeweza kukujibu hili anauza namba tu, mwache.

Na hapa ndipo hasira yangu ilipo, maana hata aliyechagua vizuri anaharibiwa kwenye kufunga. Wapo wanaolinganisha alama za giya za cheni, wakafunga mfuniko, basi. Alama zile zinaweza kupotoka digrii kadhaa, hasa kwa kamshafti iliyochongwa upya. Pima kwa sahani ya digrii na geji ya mshale. Weka plastisini juu ya pistoni, zungusha injini kwa mkono, fungua, uikate uone unene wake, ambao ndio nafasi kati ya valvu na pistoni: usipungue milimita 2 upande wa kuingiza na 2.5 upande wa kutoa.

Sasa tapeti. Niliwahi kuletewa injini iliyofungwa kwingine, kamshafti mpya juu ya tapeti za zamani "kwa kuwa zilikuwa nzima". Oili niliyomwaga ilikuwa na mng'ao wa rangi ya fedha. Nundu moja ilikuwa imebaki duara, huwezi kujua ncha ilikuwa wapi, na tapeti yake ilikuwa imebonyea katikati kama kisosi. Uso wa tapeti mpya umetuna kidogo sana, nundu nayo ina mwinamo mdogo, na kwa sababu hiyo tapeti huzunguka inapofanya kazi. Ya zamani imeshazoeana na nundu yake. Ukiiweka juu ya nundu nyingine haizunguki, inakwangua tu. Tapeti za injini yako zinatoka kupitia vifuniko vya ubavuni mwa bloku. Badili zote nane.

Paka nundu na nyuso za tapeti grisi ya kufungia kamshafti, tumia oili yenye zinki na fosforasi ya kutosha, na hakikisha petroli na moto viko tayari kabla ya kupiga starta. Ikishawaka, ishikilie kati ya mizunguko 2,000 na 2,500 kwa dakika 20, ukiibadilisha kidogo kidogo. Atakayekuambia uiache kwenye sailensa "ijizoeshe taratibu" anakuulia kamshafti, kwani nundu hupata oili inayorushwa na krankshafti, na kwenye sailensa inayorushwa ni kidogo. Baada ya dakika hizo zima, mwaga oili, badili filta, kisha kaza tena hedi na upime nafasi za valvu kabla hujaliingiza gari barabarani.