Kufungua Akili Kumeniponza, na Kuifunga Pia

Mdogo wangu, swali lako la kwenye kundi la familia nimelisoma mara nne. Unasema jamaa mmoja aliyeko Texas amekuambia ukija Marekani ufungue akili, usiulizeulize, wiki ya kwanza tu una kazi. Mjomba akakujibu palepale: ukifika usizoeane na mtu, hasa Wabongo. Unataka mimi niseme nani mkweli. Nimekasirika, ila si kwako. Maneno ya aina hizo mbili niliyafuata kwa zamu, na ndiyo maana sikuja kumzika mama.

Nilitua Minneapolis Agosti 2016 na visa ya mwanafunzi, ile F-1. Chuoni walitusomea masharti siku ya kwanza: kazi ni ndani ya chuo, saa 20 kwa wiki masomo yakiendelea, na kila muhula lazima ubebe krediti 12, yaani kipimo cha wingi wa masomo. Maktaba walinipa saa 10 tu. Ada ya muhula wa pili sina. Kaka mmoja wa kwetu, ndiye aliyenipokea uwanja wa ndege, akanipikia ugali, akanipa koti, akasema utafanya kazi kwa karatasi zangu, mshahara uingie kwenye akaunti yangu, nami nitakata kidogo. Nikamuuliza kama si kosa. Akasema kila mtu anafanya, mawazo ya kijijini yaache Tanga. Nikaona aibu kuitwa mshamba. Aibu hiyo ilinisukuma kuliko hata ada.

Kazi ilikuwa kwenye nyumba ya wazee, usiku. Kuogesha, kubadilisha nepi, kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili asipate vidonda. Kazi hiyo haina aibu, na anayewacheka wanaoogesha wazee hajui anachokisema. Kilichonitafuna ni jina. Kifuani nimening'iniza kitambulisho cha mtu mwingine. Kulikuwa na bibi mmoja aliyekuwa ameshamsahau hata mwanawe, lakini jina lile alilishika; akilia usiku analiita, nami naitika. Siku moja nilichelewa kuitika, msimamizi akanikazia macho mpaka mikono ikanitetemeka. Asubuhi nilikuwa naoga huku nalia. Saa moja ililipwa dola 13. Yule kaka akakata 3, kisha 5, na miezi miwili ya mwisho hakunipa hata senti. Ningemshtaki wapi?

Hapo ndipo nikawa mjomba. Simu ya Mbongo sipokei. Msikitini nikaacha kwenda, nasali chumbani. Kwa uchovu nilikuwa nimeshuka hadi krediti 6 bila ruhusa, na mshauri wa wanafunzi wa kigeni, mama wa Kimarekani, akaniandikia baruapepe tatu akiniomba niende tuzungumze. Nikaona mtego. Mtu asiyenijua ananihangaikia ili apate nini? Sikujibu hata moja. Hadhi yangu ya uanafunzi ikafutwa, nami nimejifungia ndani nikiamini nimejilinda.

Miezi saba ikapita ndipo nikaenda kwa wakili. Akanieleza kwamba aliyepoteza hadhi anaweza kuomba arudishiwe, lakini ombi liingie kabla miezi mitano haijapita, labda uwe na sababu nzito, na uwe hujafanya kazi bila kibali. Nilikuwa nimeyakosa yote mawili. Miezi iliisha kwa sababu nilimwogopa mama aliyetaka kunisaidia. Kazi niliifanya kwa sababu nilimwamini aliyenivika koti. Ilikuwa 2018. Tangu hapo sina makaratasi, na nikitoka nchi hii sirudi. Mama alipofariki 2021 nilituma hela za mazishi, nikatazama maziko kwenye simu. Mlidhani nimebanwa na kazi. Leo mjue.

Sasa, uje? Njoo. Lakini kama ada ya mwaka mzima haijakamilika, usije, hata kama visa iko mkononi. Kaa na Wabongo, ukiumwa ndio watakaokuletea uji, na kule kujitenga kwangu kulinitia ugonjwa ambao bado sijaupona. Paspoti yako usimpe Mbongo yeyote, hata mimi. Anayekuambia kila mtu anafanya, muulize makaratasi yake mwenyewe yakoje, na akikwepa, mrudishie koti lake uondoke. Wapo watakaokushauri ujilipue, uombe hifadhi kwa hadithi ya kutunga. Ukibainika umeitunga makusudi, unaweza kufungiwa milango ya uhamiaji maisha yako yote. Hapo uwe mgumu kama mjomba.

Darasani usiwe mgumu. Uliza, hata kama swali linakutia haya. Kaa meza moja na Wasomali, na Wameksiko, wana mengi wanayoyajua kuhusu nchi hii. Nenda ofisi ya wanafunzi wa kigeni wiki ile ile ya kwanza, wakujue kwa sura.

Barua yoyote ya chuo ikiingia, nipigie kabla hujaijibu. Hapana. Ijibu siku hiyo hiyo, kisha unipigie. Hata usiku wa manane nitapokea.