Amplifaya kuukuu ya valvu: nivue nini?

SWALI: Nimeachiwa amplifaya ya valvu (zile taa za kioo zisizo na hewa ndani, zinazokuza sauti) iliyoundwa nyumbani, haijawashwa miaka mingi. Kipi cha kuokoa? (Msomaji, Majengo, Mombasa)

JIBU: Ndugu msomaji, tafadhali usiiwashe. Chomoa plagi, kisha shikiza rezista ya kilo-omu 10, wati 5, kwenye ncha za kila kapasita kubwa (kifaa kinachohifadhi umeme) kwa dakika moja, upime kwa mita. Volti 300 zikisalia humo zinaua.

Hazina yenyewe ni transfoma ya spika, ile inayounganisha valvu na spika. Pima upande wa valvu: mita isipoonyesha njia yoyote ya umeme kupita (omu zisizo na kikomo, si sifuri), waya ule mwembamba kama unywele umekatika, hewa yetu ya chumvi huula. Valvu yenye doa la rangi ya fedha ndani ya kioo huenda bado nzima. Doa likiwa jeupe kama maziwa, hewa imeingia, tupa. Kapasita za zamani usizirudishie kazi.