Maji nabadilisha, mbolea naweka, mbona majani yanatoboka?

SWALI: Habari za kazi kaka. Niko Tabata hapa Dar, nina tangi la lita 100 lina samaki gapi 15 na mimea ya valisneria na anubias. Maji nabadilisha nusu kila Jumatano na Jumamosi, mbolea ya maji naweka Ijumaa usiku. Sasa majani ya zamani yanakuwa njano na yana vitundu, jirani yangu anayefuga pia kaniambia niache kabisa kubadilisha, niwe najazia tu yakipungua. Nimsikilize?
Dada wa Tabata

JIBU: Hapana dada yangu, usiache. Shida iko kwenye hiyo Ijumaa. Unaweka mbolea usiku, kesho yake nusu unaimwaga, Jumatano unamwaga nusu ya iliyobaki, yaani hapo imebaki robo tu na bado sijahesabu mimea ilichokula. Geuza: maji kwanza, mbolea baadaye siku hiyohiyo. Na kwa gapi 15 kubadilisha nusu mara moja kwa wiki inatosha kabisa.

Najua wengi wanaogopa mbolea itajikusanya idhuru samaki, ni hofu ya haki, ila hebu piga hesabu. Tuseme kila wiki unaongeza naitreti (naitrojeni ya kwenye mbolea) miligramu 10 kwa lita na mimea haigusi hata chembe, ukibadilisha nusu kila wiki haitazidi 20 hata upite mwaka, ukibadilisha robo tu inapanda mpaka karibu 40. Ndo msingi wa ile njia ya Tom Barr, mtaalamu wa mimea ya tangini wa Marekani, mimea inapewa mbolea ya kuzidi kidogo halafu nusu ya maji inatoka kila wiki. Naipenda kwasababu huhitaji vipimo vya bei.

Hiyo ya kujazia tu naipinga kabisa. Maji yanapopungua yanaondoka kama mvuke, chumvi zote zinabaki tangini, ukijazia unaongeza nyingine juu yake, na kwa joto la Dar na visima vyetu vingi vyenye chumvi maji yanabadilika upesi mno.

Vitundu kwenye majani ya zamani mara nyingi ni njaa ya potasiamu. Chakula cha samaki kinaleta naitrojeni na fosforasi, lakini potasiamu na chuma ni kidogo sana, kwahiyo soma lebo ya chupa yako kama potasiamu imo. Majani mapya yakitoka meupe huku mishipa ni ya kijani basi hapo chuma ndo kimepungua.

Nakuomba sana, usije ukachukua yuria, DAP au CAN ya shambani eti mbolea ni mbolea, zile zinaleta amonia na gapi wote wanaweza kufa. Maji ya bomba pia yaache kwenye ndoo wazi siku nzima klorini itoke.

Jani lililotoboka halizibi tena, likate. Angalia yanayoota baada ya kubadilisha ratiba, na uanze na valisneria maana anubias inakua taratibu mno, jani moja tu linaweza kukuweka wiki kadhaa.