Kabla ya kumrekebisha Einstein, angalia bamvua

Wanafunzi wangu hapa Pemba hunitumia habari kwenye simu: "Mwalimu, wanasema Einstein kakosea." Mara nyingi ni za watu wanaotaka kubadilisha kanuni ya mvutano kwa masafa makubwa ya ulimwengu. Nafurahi wanavyouliza, na ushauri wangu ni huu: kila nadharia mpya iulize kwanza inasemaje kuhusu mambo yaliyokwisha kupimwa.

Sababu ya kutaka mabadiliko ipo, tena nzito. Mwaka 1998 makundi mawili ya wanaanga yalipima mwanga wa supanova (nyota zinazolipuka) za mbali, yakakuta ulimwengu unatanuka kwa kasi inayozidi kuongezeka, ilhali mvutano ulitarajiwa kuupunguza mwendo. Wengi husema ipo nishati ya giza, isiyoonekana, inayosukuma mtanuko huo, kiasi cha asilimia 68 ya nishati yote iliyopo. Wengine husema hakuna cha giza. Kanuni ya mvutano ya Einstein, ya 1915, ndiyo isiyotosha huko mbali.

Msiwabeze wa upande wowote. Le Verrier, mwanaanga wa Ufaransa, aliona sayari ya Uranus haifuati hesabu, akadai ipo sayari inayoivuta. 1846 Neptuni ikaonekana. Utaridi nayo ilipokataa hesabu, akadai sayari nyingine, Vulcan. Haikuwapo. Safari hii kanuni ya mvutano ya zamani, ya Newton, ndiyo iliyokuwa pungufu, na Einstein ndiye aliyeitengeneza.

Sasa bamvua, yaani kujaa na kupwa kukubwa kwa bahari. Kina mama wanaolima mwani Micheweni wanajua kwamba mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, maji hupwa mbali. Ndipo wanaposhuka na kamba na vigingi vyao. Jua na Mwezi hapo vinavuta kwa mstari mmoja. Nadharia ya kubadilisha mvutano wa mbali lazima iuache huu wa kwetu ulivyo, kwa hiyo wataalamu huweka ndani yake utaratibu wa kuzima badiliko palipo na maada nyingi. Itafuteni sehemu hiyo. Kama haimo, wekeni kando.

Kisha iulizeni kuhusu tarehe 17 Agosti 2017. Nyota mbili za nyutroni, mabaki mazito mno ya nyota zilizokufa, ziligongana kiasi cha miaka ya mwanga milioni 130 kutoka kwetu. Mawimbi ya mvutano, yaani mitikisiko ya anga yenyewe, yakatufikia, na miale ya gama, ambayo ni aina ya mwanga, ikafuata baada ya sekunde 1.7 hivi. Safari yote ile, na tofauti haikutimia hata sekunde mbili! Nadharia nyingi zilizoyapa mawimbi hayo kasi tofauti na ya mwanga zilianguka. Kwa hiyo tazameni mwaka wa maandishi mnayosoma, kama ni kabla au baada ya hapo.

Zilizobaki zitapimwa kwa namna galaksi (makundi makubwa ya nyota) zinavyojikusanya, kazi inayofanywa na darubini ya angani ya Euclid iliyorushwa Julai 2023. Anayetaka kuingia humo asiikimbie hesabu ya kidato cha tano.